Roboti Aliyesafiri Nje ya Kituo Bila Kibali

Ipo nchi moja, na nasema ipo kwa sababu bado haijatuishia. Jina lake sitalitaja. Kulitaja kwa maandishi kunahitaji kibali, na kibali niliomba mwaka juzi, nikaambiwa faili langu liko mezani kwa mkubwa fulani. Mkubwa huyo alishafariki, Mungu amrehemu, lakini meza bado inasubiriwa ijibu. Basi nitasema tu nchi yetu, na ninyi mtajaza wenyewe.

Mimi katika nchi hiyo ni karani wa mihutasari, Mamlaka ya Maji. Wakubwa wakikaa kikao, naandika walichosema. Wakisinzia, naandika kwamba walitafakari. Nimefanya kazi hiyo miaka kumi na tisa na sijawahi kuandika jambo likamkera mtu mwenye gari. Kwa hiyo humu ndani mkinisikia kama nimekasirika, mmenisikia vibaya. Ni kiungulia tu, nilikula mihogo asubuhi.

Nchi yetu ina heshima kuliko nchi zote, na heshima yenyewe iko kwenye waraka. Waraka wa Umri wa Vyeo unasema cheo kina miaka yake, haijalishi mwenye cheo kazaliwa lini. Mkurugenzi ana miaka sabini. Waziri ana themanini na mitano. Baba Mlezi wa Taifa, anayetulea mwaka wa thelathini sasa bila kutuuliza kama tumekua, yeye hana umri. Kwa hiyo ukienda ofisini kwetu utakuta ajuza wa watu, mgongo umepinda, anamwamkia kijana mwenye tai, na kijana anaitikia marahaba huku anachokonoa meno. Wageni hushangaa sana. Sisi tulishazoea.

*

Katika jiji letu kuna mtaa unaitwa Mabanzi. Nyumba zake ni za mbao za mabaki. Maji yao ya kunywa yanakuja kwa bomba moja la chuma, lililozikwa enzi za babu zetu, na bomba hilo linapita chini ya machinjio. Machinjio ni mali ya Mheshimiwa Barabona. Mheshimiwa Barabona ndiye Waziri wa Maji, Mabomba na Kiu ya Taifa. Mimi nawaeleza tu jinsi mtaa ulivyokaa, sijasema neno.

Mwaka ule watu wa Mabanzi waliugua matumbo miezi mitano mfululizo. Zahanati yao ililaza watoto wawili wawili kitanda kimoja, huyu kichwa huku, huyu kichwa kule. Walizikwa watoto kumi na mmoja. Wizara ilisema ni maembe mabichi. Ilipokumbushwa kwamba si msimu wa maembe, ikasema basi ni kukosa maembe.

Pale Mabanzi alikuwa akiishi Fundi Mbaruku Shekalaghe, fundi bomba wa Mamlaka, mzee wa miaka sitini na minane. Chombo chake cha kazi kilikuwa kipande cha nondo. Anaweka ncha moja juu ya bomba, ncha ya pili sikioni, anafumba macho, halafu anakwambia: hapa panavuja, pale pamepasuka, kule mtu kajiunganishia kwa wizi. Hakuwahi kukosea. Alikuwa akimlea mjukuu wake, Tausi, mtoto wa miaka saba, ambaye homa ya matumbo ilishamlaza mara mbili.

Siku aliyokuja kwa Mkurugenzi wetu, Mhandisi Lwakibale, mimi nilikuwepo na kalamu yangu. Mkurugenzi ana miaka arobaini na moja kwa mama yake.

"Shikamoo, mkubwa," akasema Fundi.

"Marahaba, Mbaruku. Sema upesi."

"Bomba la Mabanzi limeoza chini ya machinjio. Damu na kinyesi cha ng'ombe vinaingia ndani. Presha ikishuka ndiyo linavuta uchafu wote wa mtaroni. Nimelisikiliza wiki tatu. Nipe ruhusa nifunge koki kuu siku kumi tu, tubadilishe vipande vinne."

"Umeona kwa macho?"

"Liko chini ya ardhi, mkubwa. Nimesikia kwa nondo."

Mkurugenzi akanigeukia. "Karani, andika. Fundi anasikia sauti."

Nikaandika.

"Mkubwa, nina mjukuu," akasema Fundi. "Kashaugua mara mbili. Daktari wa zahanati kaniambia wazi, mara ya tatu ule mwili hautaweza. Yule mtoto nimebaki naye peke yangu."

"Vuta subira, mzee wangu. Serikali sikivu inaleta roboti."

*

Roboti akaja kwa ndege, ndani ya sanduku, na bendi ilimpokea uwanjani. Alikuwa na ukubwa wa paka aliyeshiba, magurudumu sita, taa mbele, jicho la kamera juu ya taa, na kitundu cha kunusia. Kazi yake ni kuingia ndani ya bomba la maji ya kunywa, kutembea humo kimya kimya, kutuma picha kwenye skrini, na kutangaza kwa sauti ya mwanamke mpole anachokiona. Waliomtengeneza huko kwao walikuwa mahodari, lakini walisahau kumwekea kile kifaa sisi tunachozaliwa nacho, cha kumtazama kwanza aliyekaa mbele ndiyo useme.

Mheshimiwa Barabona akampa jina: Mzalendo. Halafu tukakaa kikao, maana palitokea tatizo la kisheria. Bomba ni mali ya serikali. Kitu kisicho na cheo hakiruhusiwi kuingia ndani ya mali ya serikali na kuchungulia. Panya wanaingia, ndiyo, lakini panya hawatoi taarifa. Tulijadili siku mbili, wakubwa wakatafakari sana hasa baada ya chakula, na mwisho ikaamuliwa Mzalendo aajiriwe. Akaapishwa kwa kuwekewa katiba juu ya mgongo. Akapewa cheo cha Mkurugenzi Msaidizi, na kwa mujibu wa Waraka akawa na miaka sitini na mitano toka siku hiyo. Asubuhi wafagiaji wakipita mlangoni kwake walisema shikamoo. Hakuitikia, na watu wakasema huyo ndiye kiongozi kweli.

Sasa hapo ndipo wenzangu walipojikwaa, na sidhani kama nchi nyingine ingeweza kujikwaa namna hiyo. Kwetu kiongozi haendi mahali pasipoandaliwa. Akienda shuleni, shule inapakwa rangi. Akienda hospitali, wagonjwa wachafu wanahamishwa na vitanda vinatandikwa mashuka yaliyokodishwa. Mzalendo sasa ni kiongozi. Kwa hiyo bomba lolote atakaloingia ni sharti liandaliwe kabla ya ziara. Tulikuwa tumemnunua mkaguzi ambaye kwa kanuni zetu wenyewe hawezi kukuta kitu.

Fundi Mbaruku alipoelezwa hivyo alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaacha kucheka ghafla, akaniuliza, "Karani, ninyi mna watoto kweli?"

*

Jaribio likafanyika uwanja wa michezo, mbele ya Baba Mlezi na wananchi elfu ishirini waliopelekwa kwa hiari yao na malori ya jeshi. Bomba la kujaribia lilikuwa jipya, la plastiki ya buluu, hatua arobaini, limelazwa juu ya zulia. Wanawake watano wa Idara ya Itifaki walilisugua ndani kwa sabuni ya waridi, wakavuta vitambaa kwa kamba, wakalifukiza udi. Likajazwa maji ya chupa. Halikuanzia popote wala halikuishia popote.

Waziri Barabona akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi! Maji ni maji! Kuna anayebisha?"

Hakuna aliyebisha.

"Waliotutawala walituachia mabomba, lakini macho ya kuyatazama kwa ndani waliondoka nayo! Kwa miaka yote hiyo tumekunywa kwa imani. Leo, kwa hekima za Baba Mlezi, tunakunywa kwa sayansi! Wapo wachache, wenye kutumwa, wanaosema maji yetu yana wadudu. Nawauliza: mdudu gani mwenye akili timamu atajitupa kwenye maji yenye presha kubwa namna hii?"

Makofi. Baba Mlezi akakata utepe. Fundi Mbaruku, ambaye aliletwa kwa sababu katika Mamlaka nzima ni yeye peke yake anayejua kufungua mdomo wa bomba, akamwinua Mzalendo kwa mikono miwili, akasema "Shikamoo, mkubwa," akamtumbukiza ndani.

Tukatazama skrini kubwa. Buluu tupu. Ile sauti ya mwanamke ikasema, "Bomba safi. Kuna harufu ya waridi. Bomba hili halijaunganishwa na kitu chochote."

"Mmesikia wenyewe!" akapaza Waziri. "Bomba letu halijaunganishwa na uchafu wowote!"

Watu wakashangilia, fataki za rangi zikalipuliwa, na ikatangazwa hapo hapo kwamba maji yote ya nchi nzima ni salama kwa miaka kumi ijayo. Wenzetu wa Mabanzi nao walikuwepo, wamesimama upande wa jua. Baadhi yao walipiga makofi. Msiwacheke, na ninyi mngepiga.

*

Kisha wakubwa wakaenda kula. Mahema yalikuwa pembeni mwa uwanja, na Mzalendo aliwekwa kwenye kiti chake kwa mpangilio wa vyeo, mbele yake sahani ya pilau. Skrini kubwa iliachwa inawaka, kwa sababu kijitabu cha kuizima kilikuwa kwa lugha ya huko ilikotoka.

Mimi sikuwa na kiti. Nilikuwa nyuma ya masufuria natafuta ukoko, nikamwona Fundi Mbaruku anakuja na toroli. Alimwondoa Mzalendo kitini, akamlaza kwenye toroli, akamfunika gunia. Akageuka, tukakutana macho.

"Karani, umeniona?"

"Sijakuona, Fundi."

"Ahsante."

Huo ndio ushujaa wangu wote wa miaka kumi na tisa, naomba mniandikie.

Shimo la koki kuu ya Mabanzi liko ng'ambo ya barabara tu, hatua mia tatu toka lango la uwanja. Baada ya muda kidogo skrini ikawa nyeusi, halafu ikaja picha ya kutu, na ile sauti ya mwanamke mpole ikasikika juu ya vichwa vya watu elfu ishirini.

"Nimeona ufa. Nimeona ufa mwingine. Nimeona kinyesi cha ng'ombe."

Wali ukasimama njiani.

"Nimeona damu iliyoganda. Nimeona utumbo. Nimeona panya aliyekufa. Kuna bomba la maji machafu linamwaga juu ya bomba hili. Juu yake kuna maandishi." Taa ya Mzalendo ikapanda taratibu, ikamulika nje kupitia ufa, na wote tukasoma: MACHINJIO BARABONA. "Maji haya hayafai kwa mtu. Maji haya hayafai kwa mnyama."

Jamani! Mama mmoja wa Mabanzi alikaa chini palepale, akaziba mdomo kwa khanga. Nadhani alikuwa mmoja wa wale wa watoto kumi na mmoja.

Baba Mlezi aliinua macho toka kwenye paja la kuku. "Barabona," akauliza, "ile ni nchi gani?"

Waziri alifuta mdomo. "Nchi jirani, Mtukufu."

"Masikini," akasema Baba Mlezi, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Wapelekeeni mablanketi."

Yalipelekwa mablanketi elfu mbili. Nchi jirani iliyarudisha na barua ya kuuliza kuna nini.

*

Kesho yake kikao cha dharura. Waziri mwenyewe alikuwa mwenyekiti, na mbele ya kila mjumbe chupa ya maji yenye kizibo. Ajenda ilikuwa moja: Mkurugenzi Msaidizi Mzalendo.

"Nani alimtuma kule?" akauliza Waziri.

"Hakutumwa na mtu, Mheshimiwa," akajibu Mkurugenzi Lwakibale. "Fundi alimbeba tu. Lakini fundi hana cheo, hawezi kumwamuru mwenye cheo. Kwa hiyo kisheria alikwenda mwenyewe."

"Basi amesafiri nje ya kituo cha kazi bila kibali."

Mngeona walivyopumua. Tangu jana walikuwa na kinyesi tu, sasa wamepata kosa. Mzalendo akaandikiwa barua ya kujieleza: kwa nini alisafiri bila kibali, kwa nini aliingia mahali pasipoandaliwa, na kwa nini alitoa taarifa kwa umma bila kupitia kwa mkuu wake wa kazi. Siku saba. Barua nilimpelekea mimi. Nikamshikia mbele ya jicho, taa ikawaka, akasema, "Nimeona karatasi." Zaidi ya hapo hakusema. Siku ya saba ilipopita, ukimya wake ukaandikwa kuwa ni kiburi, akastaafishwa kwa manufaa ya umma, akatolewa betri na kufungiwa stoo.

Siku ile ile ya kikao cha dharura, Fundi Mbaruku alikuja bila kuitwa. Alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Wakubwa, nilipokuja na nondo mliniambia nione kwa macho. Sasa mmeona wote kwa macho. Naomba nifunge koki. Siku kumi."

"Tulichoona ni nchi jirani," akasema Mkurugenzi, na hakumtazama.

Waziri alikuwa mpole kuliko wote. "Mzee, nikueleze uongozi. Tukifunga maji, watu watauliza kwa nini tumefunga. Tukiyaacha, hakuna atakayeuliza kwa nini tumeacha. Umenipata?"

"Mnakunywa ya chupa!" Fundi akapiga kelele. Sikuwahi kumsikia akipiga kelele. "Hapo mezani, kila mtu na chupa yake, na kizibo mnafungua wenyewe! Watoto kumi na mmoja! Wawili nimewachimbia kwa mikono hii! Mna roho gani ninyi? Mlizaliwa na mtu?"

Askari wawili wakamtoa. Mkurugenzi akanitazama, nami najua kazi yangu. Niliandika: Fundi alishukuru kwa maelezo, akaondoka.

*

Siku ya pili yake, saa nne asubuhi, kweupe, watu wakipita, Fundi Mbaruku aliingia kwenye shimo la koki kuu na spana yake. Alifunga maji ya Mabanzi. Halafu akachukua msumeno wa chuma, akaikata shingo ya koki ili mtu asiweze kuifungua tena. Alipotoka alinawa mikono kwa mchanga.

Mabanzi nzima ikamgeukia. Mama Kidawa, muuza uji, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alikwenda kumsimamia mlangoni na ndoo tupu.

"Mzee, umerukwa na akili? Nipike uji kwa mate yangu?"

"Chota kisima cha msikitini, Mama Kidawa. Ni mbali, najua. Miguu ichoke, tumbo lipone."

"Tumbo langu linakuhusu nini wewe mzee mwanga? Toka lini umekuwa Mamlaka?"

Walimrushia maneno na maganda. Roboti walimwona, kile kinyesi walikiona, lakini mtu akitwishwa ndoo kilometa mbili kwenda na kurudi, hasira yake humwangukia aliye karibu. Waziri yuko mbali na ana ukuta. Siku ya nne polisi walipokuja kuuliza nyumba ya fundi, Mama Kidawa aliwaonyesha kwa mwiko.

Fundi alishitakiwa kwa kuhujumu kiu ya taifa, akawekwa mahabusu asubiri upelelezi. Tausi akabaki peke yake kibarazani, na Mama Kidawa, ambaye kwa mtoto hakuwa na ugomvi, akamchukua akalala na watoto wake.

Wiki ya kwanza zahanati iliruhusu wagonjwa tisa. Wiki ya pili, kumi na saba. Wiki ya nne muuguzi alikuwa anafuma sweta kwenye benchi, kwa sababu vitanda vyote vilikuwa vitupu na hakujua afanye nini na mikono yake. Mabanzi waliliona hilo polepole, mmoja mmoja, kwa aibu. Mama Kidawa alikwenda mahabusu na uji kwenye chupa, akalia kwenye wavu wa dirisha.

"Nisamehe, mzee wangu. Mdomo huu wangu, nisamehe."

"Yameisha, mama," akamwambia. "Mtoto asiguse maji ya bomba. Hata wakilifungua. Hilo tu nakuomba."

Akamwapia. Najua hayo kwa sababu alipotoka huko alikuja moja kwa moja ofisini kwetu kuomba mzee aachiwe. Nilimpokea vizuri sana. Nilimwambia aandike barua, nakala tatu, apitishie kwa balozi wa nyumba kumi.

*

Taarifa ya zahanati ikafika mezani. Mkurugenzi akaisoma kikaoni: homa ya matumbo imekwisha Mabanzi.

"Imekwisha kwa sababu gani?" akauliza Waziri.

Kila mjumbe aliijua sababu, na sababu ilikuwa mahabusu.

"Kwa sababu ya jaribio la roboti," Waziri akajijibu mwenyewe. "Karani, andika. Na wananchi waliopona wanastahili maji. Koki ifunguliwe kwa sherehe."

Koki mpya, ambayo kwa miaka mitano Fundi alikuwa akiambiwa haipatikani, ilipatikana kwa siku mbili. Ikapakwa rangi nyekundu. Bomba la nje la mtaa, lile la kuchotea, likajengewa kijukwaa cha vigae. Vile vipande vinne chini ya machinjio havikuguswa, kwa kuwa havingetokea kwenye picha.

Siku ya sherehe Mabanzi ilifagiliwa. Walimleta hata Mzalendo, wakamkalisha kiti cha mbele na utepe mgongoni, bila betri, na kwa mara ya kwanza alikaa kama ofisa. Waziri alitaka picha ya mtoto aliyepona. Wakatazama daftari la zahanati, na jina la Tausi lilikuwa juu, kwa sababu ndiye aliyelazwa mara mbili. Askari wawili wakaenda kumtoa kwa Mama Kidawa. Wakamvika gauni jipya la njano na soksi.

Mimi nilikuwa karibu na bomba. Kazi yangu ilikuwa kuandika, lakini kijana wa glasi alikuwa amechelewa, na Mkurugenzi akanisukumia glasi kifuani akasema, "Jaza wewe." Nikafungua. Maji yakatoka mekundu, bendi ikapiga. Yakatoka ya njano. Baadaye yakatoka meupe ya kuridhisha, nikajaza. Naapa glasi ilikuwa na harufu. Waziri akaichukua mkononi mwangu, akaikunjua ile sura yake ya kamera, akainama.

Tausi akapiga goti. "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Kunywa."

"Babu yangu amenikataza."

"Babu yako ana miaka mingapi?"

"Sitini na minane."

"Mimi nina themanini na mitano," akasema Waziri, taratibu kabisa. "Sasa nani mkubwa?"

Nyuma ya kamba Mama Kidawa alikuwa anapiga mayowe. "Asinywe! Jamani, asinywe huyo mtoto! Nimemwapia babu yake! Karani! Karani, si unajua wewe!" Mkurugenzi akampungia mkono mkuu wa bendi, na bendi ikaongeza sauti. Nikatazama daftari langu. Kulikuwa na nafasi nyingi sana ya kuandika.

Tausi alinitazama mimi. Sijui kwa nini mimi, pengine kwa sababu wengine wote walikuwa wanatazama kamera. Nilichotakiwa kufanya ni kutikisa kichwa tu. Mtoto alisubiri. Halafu akaipokea glasi kwa mikono miwili kama alivyofunzwa, akasema ahsante, akanywa yote.

Watu wa jukwaani wakapiga makofi. Mpiga picha akainua mkono, akasema samahani, wingu lilipita, haikutoka vizuri. Waziri akanirudishia glasi bila kugeuka.

Nikajaza tena.